Mashine ya Bwana Kalenda

Tarehe 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua miezi ya baridi kimetulia. Huku sote hatujambo. Paa la chumba cha nyuma tulilibadilisha kabla ya mvua, kwa hiyo mwaka huu hakuna ubao wa bango utakaolowa hata mmoja. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele za watu. Mama anakusalimu. Anasema nikuulize kama bado unakunywa chai ukiwa umesimama, kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

Sasa nakuja kwenye jambo langu. Unamkumbuka Bwana Kalenda, yule wa duka la jirani na posta anayechapa kalenda za kila mwaka? Anahama. Mwanawe amemwita akakae naye, na vitu vyote vya dukani anaviuza, pamoja na mashine yake ya kuchapa na kukata stika. Si mpya, ana miaka sita nayo. Inachapa maandishi na picha kwenye stika, kisha kisu chake kinapita kuzunguka kila umbo na kulikata, wewe kazi yako ni kubandua na kubandika. Ametuambia sisi kabla ya mtu mwingine, kwa heshima ya babu. Akiba yetu inatosha, lakini ni hiyo hiyo tu. Nyuma yake hakuna kitu.

Wateja wa mabango tunayochora kwa mkono wamebaki wa kuhesabu. Wanaingia karakana, wanamsifu mama dakika kumi nzima, halafu wanauliza kama bango litakuwa tayari kesho, tena lenye picha. Tukisema hapana, wanatuaga vizuri sana na hatuwaoni tena.

Nilimweleza mama nikiwa nimejiandaa kwa vita. Hakupigana. Aliendelea kuosha brashi, akasema, "Muulize mjomba wako. Ameishi na mashine hizo miaka mingi kuliko alivyoishi na sisi."

Nikasema, "Na wewe unaonaje?"

"Nimesema muulize mjomba wako."

Basi nakuuliza. Miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha mabango si mchezo. Ninunue, nisinunue? Bwana Kalenda atatungoja mpaka mwisho wa Mei.

Mpwa wako


Tarehe 27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Kifua kimetulia. Mwambie mama yako kwamba chai sasa nakunywa nikiwa nimekaa; nilipostaafu nilinunua kiti kwa kazi hiyo tu. Chumba changu kiko orofa ya tatu, na dirisha linatazama kituo cha mafuta ambacho bango lake limeungua taa ya herufi moja. Nimewaandikia mara mbili, hawajajibu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ananiambia, "Mzee, acha kusahihisha mji usio wako." Huwa tunacheka, kisha tunacheza drafti, naye hushinda.

Kuhusu mashine. Usiangalie ganda lake. Watu hununua mashine kama wanavyonunua viatu, kwa kung'aa. Kinachokufa kwanza ni kichwa cha kuchapa, kipande kidogo chenye mamia ya matundu usiyoweza kuyaona kwa jicho, ambamo wino hupita. Mashine ikilala majuma matatu bila kazi, wino hukaukia humo ndani, na kichwa kipya bei yake huikaribia ya mashine yenyewe. Kwa hiyo nenda bila kumtaarifu, asubuhi, kabla hajaiwasha. Muuzaji mjanja hukisafisha kichwa mara nne kabla hujafika, nacho kikajikaza kama mgonjwa mbele ya wageni. Iguse. Ukiikuta ina joto, aga, urudi siku nyingine. Ikiwa baridi, mwambie aiwashe mbele yako, na kitu cha kwanza atakachochapa kiwe karatasi ya majaribio, ile yenye vistari vya kila rangi. Kila kistari ni tundu moja. Pasipo na kistari, tundu limeziba. Usinipigie picha kwa simu. Simu huvifanya vistari vidogo vikapotea. Nitumie karatasi yenyewe kwa posta, nitaisoma kwa kioo changu cha kukuzia.

Mwambie pia akate miduara midogo, ukubwa wa kifungo cha shati. Mduara usiofunga, yaani kisu kimerudi kilipoanzia na kikapakosa, unakuambia kwamba roli za mpira zinazovuta karatasi zimechakaa. Hilo lisikutishe, linatengenezeka.

Nikuambie na ambalo hukuniuliza. Mama yako ana mkono ambao sijauona tena popote, na nimeona mikono mingi. Sisi wengine tulishika fimbo kwa mkono wa kushoto, tukaegemeza wa kulia juu yake ili usitikisike. Yeye alisema fimbo ni ya wanaojifunza. Alivuta mstari wa mita mbili kwa pumzi moja, akageuka kututazama kama vile sisi ndio tuliochelewa. Mtu kama huyo akiwa hai, mashine ni ya nini?

Jambo dogo la mwisho. Bahasha zote za nyumbani huandikwa na mama yako, wewe ukiandika barua. Nimezitunza zote kwa ajili ya herufi zake. Hii umeiandika wewe. Yuko salama?

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na nane, na ilipofika kona moja ilikuwa imechanika, lakini maneno yalikuwa yote. Mvua zimeanza. Binti yangu ameota ncha ya jino, na sasa anacheka hata pasipochekesha.

Nilikwenda Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Nilimkuta Bwana Kalenda yuko na fulana ya ndani, anafagia.

"Wewe! Alfajiri yote hii, umekuja kununua au kukamata?"

Nikamwambia, "Nimekuja kuigusa."

"Kuigusa?" Akaweka ufagio chini. "Huyo ni mjomba wako anaongea. Wewe meno hayo huna. Haya, iguse. Hata mimi nilipoposa sikupekuliwa hivi."

Ilikuwa baridi, Mjomba, baridi kama sahani. Ni ndefu kunishinda mimi nikiwa nimelala, imekaa juu ya miguu ya chuma yenye magurudumu, na upande unaotazama dirisha umegeuka manjano kwa jua. Akaiwasha. Ilikohoa, ikasogeza kichwa chake kulia na kushoto kama mtu anayetafuta miwani, kisha ikatulia na kutoa karatasi unayoiona humu. Mimi nimeitazama mpaka macho yakatoa machozi. Naona kila kistari kipo. Lakini mimi nimekua na brashi, sijui nisichokiona.

Miduara ilikuwa kumi. Tisa ilifunga, mmoja haukufunga. Bwana Kalenda akasema huyo mmoja ni mkaidi tangu zamani. Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka mlangoni, akaacha mzaha. "Binti, usikawie. Mpigapicha wa pale ng'ambo ya barabara ameshaulizia mara mbili. Mimi ningependa ibaki kwenu. Babu yako ndiye aliyenichorea bango langu la kwanza."

Umeuliza kuhusu mama. Mama hajambo. Siku ile alikuwa na kazi, ndiyo maana bahasha niliiandika mimi. Na hii pia ana kazi.

Nasubiri neno lako. Nimekwambia akiba yetu ni moja. Ukisema ndiyo, nanunua. Ukisema hapana, naacha.

Mpwa wako


Tarehe 11 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini mvua hazijaleta madhara na kwamba njia ya kuelekea karakana inapitika. Zamani tulikuwa tukipanga matofali tukaruka moja baada ya jingine, na mama yako alikuwa akiruka mawili mawili huku amebeba makopo ya rangi mikono yote. Nimefurahi kusikia habari za jino. Hapa miti imeanza kutoa majani, na ile herufi ya kituo cha mafuta bado haijawaka. Mwalimu alilazwa hospitali siku tano, amerudi, amekonda lakini drafti bado ananishinda. Niliwaza juu yenu siku nzima ya jana. Nilitoa bahasha zote za mama yako nikazipanga mezani kwa miaka, tangu ya kwanza kabisa. Msalimie sana. Msalimie Bwana Kalenda pia, mwambie safari njema. Wasalimie na majirani wanaonikumbuka, kama wapo.

Karatasi nimeisoma. Rangi ya waridi ina mapengo matatu, na nyeusi inaelekea huko huko. Kichwa hicho hakitamaliza mwaka. Usinunue.

Mjomba wako


Tarehe 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nilimwambia Bwana Kalenda hapana siku ile ile barua yako ilipofika. Alishangaa, akaniomba nirudie. Kesho yake mpigapicha alikuja na vijana wanne, wakaivusha barabara wakiisukuma kwa magurudumu yake. Mimi na mama tulikuwa tumesimama mlangoni. Mama akasema, "Waache wajitwishe mzigo." Tangu siku hiyo, kila anayeingia karakana mama anamsimulia: kaka yangu, yule wa ng'ambo, alisoma karatasi tu, hajaiona hata mashine, akatuokoa. Anasimulia vizuri. Wengine wameshaisikia mara tatu.

Kuna jambo sikukuambia. Mama alinikataza, na mimi nilimtii muda mrefu kuliko nilivyotakiwa.

Mkono wake wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka jana, kidole kimoja, tukasema ni uchovu. Mwezi wa Januari alinituma nimkatie fimbo ya kuegemeza. Hakusema ni ya nini. Niliikata kwenye mpini wa ufagio, nikaisugua kwa msasa, nikamwekea mezani bila kumtazama. Sasa hata fimbo haimsaidii ikishapita saa nne asubuhi. Kalamu ndiyo mbaya zaidi kuliko brashi. Ndiyo maana ya bahasha.

Wiki iliyopita tulikuwa na bango la shule ya watoto wadogo, kwenye ukuta wa mbele. Nilimwomba nichore mimi. Akasema, "Shika ngazi." Nikashika. Alichora jina la shule kuanzia saa moja mpaka saa tano, na nilipokuwa chini sikuona. Nilikuwa naangalia miguu yake. Aliposhuka ndipo nikaona. Herufi za mwisho zilikuwa kama zimeandikwa ndani ya gari linalokwenda. Mwalimu mkuu alitoka na watoto wa darasa zima waje kuona bango lao. Mtoto mmoja akasema, "Mbona hii imelewa?" Wenzake wakacheka. Mwalimu mkuu akawanyamazisha, akatushukuru, akatulipa yote. Jumatatu nilipita pale nikakuta ukuta umepakwa chokaa.

Mama hajapita njia ile, na mimi sijamwambia.

Sasa unajua kwa nini niliitaka mashine. Sikutaka kumwondoa mama kazini. Nilitaka siku moja aweke brashi chini mwenyewe na kusema, "Siku hizi tunachapa," watu waseme karakana imeendelea, pasiwe na mtu wa kusema mkono wake umekwisha. Lakini kama ilikuwa mbovu, ilikuwa mbovu. Sikulaumu. Niambie tu tufanye nini sasa.

Mpwa wako


Tarehe 25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua ya Juni. Pengine imepotea, pengine unaumwa. Kama unaumwa, mwombe yule mwalimu aniandikie mistari miwili.

Karakana imekaa kimya. Mama anasema anapumzisha brashi. Mimi nimepata kazi ya siku tatu kwa wiki, na itabidi nikuambie ni wapi: kwa mpigapicha. Picha anazijua, herufi hazijui, akaja kuniomba. Siku ya tatu mama akasema, "Angalau isije ikakufia mikononi ile takataka." Alikuwa anasema juu ya mashine.

Kwa hiyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naiwasha mimi. Jambo la kwanza nafanya kama ulivyonifundisha, nachapa karatasi ya majaribio. Mjomba, sijawahi kuona pengo. Si kwenye waridi, si kwenye nyeusi. Siku ya kwanza nilidhani wamebadilisha kichwa. Nikamuuliza mpigapicha, "Uliitengeneza?" Akasema, "Nitengeneze nini? Nimeongeza wino tu. Bwana Kalenda aliitunza kama mke mdogo." Nikampigia simu Bwana Kalenda huko aliko. Akaapa kichwa ni kile kile kilichokuja nayo kutoka kiwandani.

Nimejaribu kukutafutia sababu. Labda karatasi ililowa njiani. Labda kioo chako kina ufa. Labda macho, umri nao upo. Nimechoka kutafuta. Yale mapengo matatu uliyaona wapi?

Mpwa wako


Tarehe 19 Agosti

Mpwa wangu,

Barua yako ya Juni haikupotea, wala siumwi. Ilifika tarehe 29. Nimeijibu mara tano na kuchana mara tano.

Macho yangu ni mazima, na karatasi haikulowa. Vistari mia na themanini kwa kila rangi, nilivihesabu vyote, nikarudia. Hapakukosekana hata kimoja. Ilikuwa karatasi safi kuliko nyingi nilizozisoma kiwandani, na ningekuwa namshauri mgeni, ningemwambia anunue kabla ya chakula cha mchana. Mapengo niliyaandika mimi.

Nitajaribu kueleza, ingawa kueleza kunafanana sana na kujitetea. Nilipofika mji huu niliajiriwa kwa sababu ya mkono. Tulikuwa wachoraji sita. Mashine ilipoingia, watano waliondoka, mimi nikabaki kwa kuwa nilijifunza kuiendesha haraka. Mmoja wao tulikuwa tukimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Siku yake ya mwisho alisafisha brashi zake zote, akazifunga kwa kamba, akaniachia juu ya meza. Nilifanya kazi na ile mashine miaka kumi na minne baada ya hapo, na sikuwahi kuichukia. Hilo ndilo lililonitisha. Nilizoea.

Sijazeeka na nyumba, mpwa wangu, wala na mtaa, wala na watu wanaonijua tangu utoto. Nilichokuwa nacho ni picha moja: karakana ya baba yangu, harufu ya tapentaini, na dada yangu juu ya ngazi. Siku niliyoondoka tulikuwa tumeshika uzi wa chaki, mimi kona hii na yeye kona ile, tukaupiga ukutani mstari ukabaki. Maneno ya juu ya mstari ule aliandika peke yake. Nimekuwa nikijiambia miaka yote kwamba bado anaandika. Uliponiletea karatasi safi niliona kwamba nikisema ndiyo, atashuka. Nikasema hapana.

Usidhani sikujua. Uliniambia ana kazi, mara mbili, nami nilizipanga bahasha zake mezani kwa miaka na nikaona vizuri kabisa kwamba herufi zilianza kuyumba tangu mwaka jana. Mtu aliyesoma mikono ya watu maisha yake yote hakosei hilo. Nilizikusanya nikazirudisha sandukuni.

Ukuta ule wa shule ni kazi yangu. Nina akiba kidogo, ningependa kukutumia ununue mashine nyingine. Na niambie, yeye anajua? Mwambie kwa namna utakayoona inafaa. Unaweza kunisamehe?

Mjomba wako


Tarehe 14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Pesa usitume.

Nimenunua. Sikuulizi, nakuarifu. Ni ndogo kuliko ile na imezeeka zaidi, ya ofisi moja iliyofungwa upande wa pili wa mji. Nilikwenda asubuhi, nikaigusa ikiwa baridi, nikasoma karatasi mwenyewe. Matundu mawili ya manjano yameziba. Niliyaona, nikamwonyesha muuzaji, akapunguza, nikanunua hivyo hivyo. Nikichapa rangi ya machungwa inatoka na mchirizi. Pengine kichwa kitakufa kabla ya mwaka, pengine hakitakufa. Akiba imekwisha yote. Usiku silali vizuri, lakini siilaumu mashine.

Mama alikataa kuingia chumba hicho siku kumi na mbili. Alikuwa anapita mlangoni akitazama mbele, kama mtu anayempita mdai wake. Juzi nilikuwa nabandika herufi kwenye kioo cha mteja, DUKA LA DAWA, mashine imezipanga yenyewe kwa vipimo sawasawa. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo W imetengwa."

"Vipimo ni sawa, mama. Nimepima kwa rula."

"Sikukuuliza rula. A imeinama huku, W imeinama kule, katikati pamebaki uwazi wa mtu kupita. Sogeza."

Nikasogeza. Alikuwa amepatia. Nilipogeuka, ameshaondoka. Sijui kama atarudi. Mkono wake wa kulia siku hizi anauweka mfukoni.

Umeuliza kama anajua. Hajui. Alimsimulia hata yule muuzaji wa mashine hii ndogo alipoileta: "Kaka yangu angekuwa hapa angekubana wewe! Alituokoa na ya Bwana Kalenda bila kuiona." Nilikuwa nimesimama karibu, nikajifanya nahesabu waya. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Kila mara nafungua mdomo nauliza kitu kingine, chumvi iko wapi, nani amefunga dirisha. Sitamwambia, Mjomba. Si kwa sababu nakuficha. Ni maneno yako, na mimi nimebeba ya kwangu ya kutosha.

Wala usiniulize kuhusu kusamehe. Aliyepanda ile ngazi si mimi. Mwandikie yeye. Miaka mingapi sasa mnasalimiana kupitia kwangu?

Mpwa wako


Tarehe 9 Oktoba

Dada yangu,

Salamu nimeziweka mwishoni. Nikianza nazo nitaishia nazo.

Mashine ya Bwana Kalenda haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa. Niliijua ni nzima siku nilipomwandikia mwanao kwamba ni mbovu. Sikukosea kusoma, nilidanganya. Kila ulipowaambia watu kwamba kaka yako amekuokoa, ulikuwa unausambaza uongo wangu kwa moyo mweupe, na uliposimama kwenye ngazi ya shule ile ulisimama pale kwa sababu yangu. Ukuta ule wameupaka chokaa. Mwanao hakutaka kukuambia, na hakutaka kukuambia hili lingine pia. Usimkasirikie. Amekulinda wewe, na mimi amenipa nafasi nisiyoistahili ya kusema mwenyewe.

Nilifanya hivyo kwa kuwa nilitaka uendelee kuchora. Si kwa faida yako. Nikifumba macho huku niliko, nyumbani ni wewe uko juu ya ngazi, na nilikataa ushuke ili mimi nisipoteze mahali pa kutazama. Nimetafuta sababu nzuri kuliko hiyo tangu Mei. Haipo.

Nilijua mkono una jambo. Nilijua kabla ya kuambiwa, nikaona ni rahisi zaidi kuuliza habari za mvua. Ukitaka kunijibu na kalamu ikakataa, mwambie binti yako aandike utakachotamka, hata kikiwa tusi, neno kwa neno, asilainishe.

Sasa salamu. Hujambo, dada? Mkono unaendeleaje?

Kaka yako